Mwenyekiti wa Kompyuta ya Ukoo

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Bahati imeniangukia! Winfred, binti wa ukoo wetu anayefanya kazi Nairobi, ametoa kompyuta yake ya zamani iwe zawadi kwa ukoo. Ameniachia mimi hapa mjini Machakos, niifikishe kwenye mkutano mkuu kule Muthetheni Jumamosi ya wiki ijayo. Amesisitiza kwamba ni ya ukoo, si yangu. Nimemwambia aondoe shaka.

Sasa mambo yako hivi. Siku hiyo tunachagua katibu. Mpaka leo anayetajwa ni mmoja tu, binamu yangu Erastus, mwalimu mstaafu, ambaye watu husifu mwandiko wake kana kwamba amewajengea barabara. Mimi pia nautaka ukatibu. Nautaka sana. Baba yangu alikuwa katibu nilipokuwa mtoto, akikaa meza ya mbele. Mimi ni mtu mzima, broka wa mashamba, mdomo ninao, lakini kila mkutano nawekwa nyuma karibu na sufuria na moshi unaniingia machoni. Hakuna aliyewahi kuniambia simama useme. Inaniuma.

Mpango: nitaingia na kompyuta mkononi na kuonyesha ukoo mzima ukutani, nyumba kwa nyumba, kwa projekta. Nani atakumbuka mwandiko wa Erastus?

Jumanne, 5 Agosti

Kompyuta mbovu. Inawaka, inawaza, inazima. Winfred hakutaja hilo.

Nimeipeleka kwa Wacuka, mwenye saiba, kile kibanda cha kompyuta na intaneti, karibu na soko. Ameitazama kama daktari anayetafuta maneno ya upole. Akasema Windows imeshakuwa mzigo kwa mashine ya umri huu, niweke Linux, mfumo mwingine wa kuiendesha. Nikauliza bei. Akasema haina bei, ni programu huria: imetengenezwa na watu wengi, na kila mtu anaruhusiwa kuitumia, kuifungua aone ndani, kuinakili na kumpa mwenzake. Nikauliza mwenyewe ni nani. Akasema hana mwenyewe.

Mimi ni broka. Kitu kisicho na mwenyewe nakijua, huwa kina kesi kortini. Hata hivyo nimechukua flashi yake yenye hiyo Linux. Nikamwomba jambo moja dogo, kwamba Erastus akija asimpe.

"Mzee, hii nampa yeyote anakuja," Wacuka akasema. "Ndiyo maana yake."

Maana mbaya kabisa.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeweka Linux! Mimi, kwa mikono yangu! Kamanthe, mke wangu, anasema nilikuwa nabonyeza "endelea" tu. Kuendelea pia ni kazi.

Katikati ya shughuli mashine ilianza kuniuliza maswali kama karani wa hospitali. Kompyuta hii iitwe nani? Nikaandika ukoo. Mtumiaji wake aitwe nani? Hapo niliinuka nikafunga mlango. Muindi? Muindi naitwa kila siku na sijaona faida. Katibu? Ukatibu nitaupata wiki ijayo hata hivyo. Nikamfikiria Mzee Mumo, mwenyekiti wetu. Uzee umemwingia, magoti yanamsumbua, na vijana wameanza kunong'ona kwamba apumzike. Nikaandika mwenyekiti. Nani ataona? Ni mimi na mashine. Imekataa herufi kubwa mwanzoni, jambo lililoniudhi, lakini cheo imekubali.

Kuna dirisha jeusi la kuandikia amri. Kila likifunguka linanipokea na maneno haya: mwenyekiti@ukoo. Leo nimelifungua na kulifunga, kulifungua na kulifunga, bila kazi yoyote.

Ijumaa, 8 Agosti

Balaa. Wacuka amenifundisha kwamba amri kubwa huanza na neno sudo. Ukiliandika ni kama kuiambia mashine kuwa anayesema ni mkubwa wa nyumba, nayo inadai neno la siri ili ihakikishe. Sawa. Naandika neno la siri, hakuna kitu. Hata nukta! Nikaandika polepole. Nikaandika kwa hasira. Nikaigeuza juu chini, makombo ya mkate wa Winfred yakamwagika mezani. Kamanthe akapita na sufuria akasema labda inaona haya.

Nikampigia Wacuka kumwambia kibodi imekufa. Alicheka mpaka nikasikia wateja wake nao wakicheka. Kumbe herufi zipo! Mashine inazificha kwa makusudi, ili aliyesimama nyuma yako asijue neno lako, wala asijue ni fupi au refu.

Nimeipenda papo hapo. Hii ni mashine ya watu wenye mambo yao. Tutaelewana sana.

Jumapili, 10 Agosti

Baada ya ibada Erastus, aliyekuja mjini kumwona daktari wa macho na kulala kwa dada yake, alinifuata. Akauliza kwa ule upole wake wa darasani kama ni kweli zawadi ya Winfred iko kwangu. Nikamjibu kwamba iko kwenye matengenezo, ni mambo mazito ya Linux, hayamfai mtu wa kalamu. Akatoa kalamu akaandika Linux kwenye kiganja chake. Hata kiganjani mwandiko wake ni mzuri.

Kwa nini nilitaja jina? Kwa nini mdomo wangu haulali?

Jumatatu, 11 Agosti

Nilijua! Erastus amepita kwa Wacuka kabla ya kurudi Muthetheni. Amepewa Linux ile ile, ya flashi ile ile, na jioni alikuwa ameiweka kwenye kompyuta yake kuukuu ya nyumbani. Amenitumia ujumbe kunishukuru kwa kumfungua macho. Nilikwenda saiba nikiwa nimejaa hasira. Wacuka hakuacha hata kupiga fotokopi. Akaniuliza Erastus kupata yake kumenipunguzia nini mimi. Nilitafuta jibu hadi nikafika nyumbani. Sijalipata, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Mpango mpya. Erastus anaweza kuwa na Linux, lakini hana mbwembwe. Nimegundua amri moja, sudo apt update. Ukiipiga, maandishi yanamiminika kwenye dirisha jeusi kama maharagwe yakitoka guniani. Ni mashine tu inauliza kama kuna programu mpya, lakini wazee watajuaje? Nimeijaribu mbele ya Kamanthe. Alisimama na mwiko mkononi, ugali ukamngoja. Kitu kinachomsimamisha Kamanthe asisonge ugali kitawamaliza wazee wote wa Muthetheni.

Jumatano, 13 Agosti

Mazoezi ya mwisho, chumba cha kulala, projekta ya kukodi kwa Wacuka. Majina ya ukoo yamekaa vizuri. Kasoro moja: maandishi ya dirisha jeusi ni madogo, na Mzee Mumo macho yake si ya kutegemea. Sitaki mtu akose kitu. Nimejifunza kuyakuza. Sasa mwenyekiti@ukoo inaanzia kabatini hadi mlangoni. Inapendeza mno!

Kamanthe akauliza huyo mwenyekiti ni nani. Nikamwambia ni mambo ya kitaalamu, kila kompyuta ina mwenyekiti wake.

"Baba Mutheu," akasema, "siku hiyo mimi nitakaa na wamama wengine."

Hana imani na teknolojia.

Jumamosi, 16 Agosti

Naandika nikiwa chumbani. Nimefunga mlango na sijafungua hata kwa chai.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Mkutano ulikuwa darasani, shule ya msingi, madirisha yamefunikwa mablanketi ili ukuta uonekane. Waya wa projekta ulikuwa mfupi, kwa hiyo nikaketishwa meza ya mbele. Meza ya mbele! Alipokuwa akikaa Baba. Nikaona watu wote kwa nyuso, si kwa visogo. Nilijisikia mtu.

Nikafungua dirisha jeusi. Maneno yakajaa ukuta mzima. Kimya. Nikadhani ni heshima.

Erastus, kwa mazoea ya ualimu, akayasoma kwa sauti kwa ajili ya waliosahau miwani. Mzee Mumo akamwomba arudie. Akarudia, safari hii polepole. Mzee akainuka na fimbo yake.

"Muindi, mimi niko hapa," akasema. "Leo nimekunywa uji, na nimekuja na miguu yangu. Huyu mwenyekiti mwingine ametoka wapi?"

Nikasema ni mashine, Mzee. Nikasema Linux humwita hivyo kila mtu, ndivyo ilivyotengenezwa huko ng'ambo. Nilianza kujiamini. Ndipo Erastus akainua mkono, kama mwanafunzi.

"Yangu iliniuliza jina," akasema. "Nikaandika Erastus."

Wazee wakaagiza jina hilo lifutwe hapo hapo. Nikatafuta kwenye simu amri ya kubadilisha jina la mtumiaji, nikaiandika. Mashine ikataka neno la siri. Nikaandika, na bila shaka hakuna kilichoonekana, mtu huko nyuma akasema kumbe hata kuandika hajui. Kisha mashine ikajibu kwa Kiingereza, kwa herufi zile kubwa nilizokuza mwenyewe. Erastus akatafsiri: haiwezekani, mwenyekiti bado anatumika.

Mzee Mumo aliketi kama mtu aliyepewa mto wa kukalia. Akawaambia vijana kwamba mashine hiyo iko na akili kuliko wao. Darasa likapiga makofi, na habari ya yeye kupumzika haikutajwa tena. Nami nikapiga makofi kwa nguvu, nikijua nimeokoka.

Sikuokoka. Wazee walitoka kwenda ndundu, kule kunong'onezana kwao kando kabla ya hukumu, safari hii nyuma ya tangi la maji. Waliporudi walikuwa na neno moja. Nitoe beberu mmoja, mnene, aliwe nyumbani kwa Mzee Mumo, ili mtu niliyemzika akiwa hai aonekane akitafuna. Jina la mwenyekiti liondoke. Nikishamaliza kuingiza majina ya nyumba zote, mashine iende kwa katibu mpya. Katibu mpya ni Erastus. Mikono yote iliinuka. Wa Kamanthe pia. Anasema alikuwa anafukuza nzi. Basi nzi huyo alikaa hadi kuhesabu kulipokwisha.

Nilitoka nikasimama nyuma ya darasa. Hapa sitaficha: nililia. Nilikaa mahali pa Baba kwa muda wa chai kupoa, halafu nikarudishwa kwenye moshi.

Jumapili, 17 Agosti

Nimenunua beberu kwa Abdille, anayefanya biashara ya mifugo hapa mjini. Aliuliza ni wa mahari au wa faini. Nikasema ni wa sherehe. Akanitazama usoni, akaenda moja kwa moja kwa beberu aliyefungwa peke yake.

"Huyu ndiye wa faini," akasema. "Lazima anone. Mzee akishiba, maneno yanaisha."

Tulimla kwa Mzee Mumo. Desturi ni kwamba aliyetozwa huketi akala na wenzake, na mifupa ikitupwa hakuna anayelitaja jambo lile tena. Mzee alinikatia nyama kwa mkono wake mwenyewe. Akaniambia kwamba hata baba yangu alikitaka kiti chake, ila alikuwa akija kumwambia usoni, wanabishana, wanacheka, wanarudi kazini.

"Wewe ukitaka kitu, sema," akasema. "Sisi si kuta."

Akaniomba nimfundishe Erastus hiyo mashine, maana naijua kuliko yeyote. Kuliko yeyote! Mbele ya watu! Nikaahidi kwa moyo wote: hila basi. Nimerudi nyumbani nikiwa mwepesi. Kamanthe amenipikia chai bila kuombwa.

Jumatatu, 18 Agosti

Niliamka bado nikiwa mwepesi. Nilikuwa mwepesi mpaka saa ya chai.

Wacuka alinieleza jinsi ya kumfuta mwenyekiti. Huwezi kumfuta ukiwa umeingia kwa jina lake. Unamfungulia mtumiaji mwingine mlango, unampa mamlaka ya kutumia sudo, unaingia kwa jina hilo, kisha unamfuta yule wa kwanza. Kazi safi, ya uaminifu. Kisha akaongeza kitu ambacho hakupaswa kumwambia mtu kama mimi: mashine huweka kumbukumbu ya nani alipiga amri gani, na lini.

Nikaacha kunywa chai.

Nimemfungulia Erastus mlango. Nimempa mamlaka yote. Nimeingia kwa jina lake, na kwa jina lake nimemfuta mwenyekiti. Mashine haikubisha hata kidogo. Kisha nikafungua kumbukumbu, na hiyo hapo: aliyemwondoa mwenyekiti ni Erastus! Hata wiki haijaisha tangu achaguliwe! Nimeipiga picha kwa simu. Imetoka safi kabisa, jina, amri, na saa, Jumatatu mchana.

Si hila. Ni akiba.

Mwishoni nikajifungulia mimi mlango wangu, kwa jina la Muindi, bila mamlaka yoyote. Nataka Erastus aone unyenyekevu. Mamlaka nitajiongezea akishaondoka.

Jumanne, 19 Agosti

Erastus amekuja kwa somo la kwanza. Alikuwa hajaigusa mashine yetu mpaka leo. Aliomba radhi kwa kutokuja jana, akasema alishinda kutwa kwa Mzee Mumo wakiandika kumbukumbu za mkutano, tangu asubuhi hadi giza. Nikasema si neno. Nilikuwa mwalimu mzuri, nadhani. Nilimwonyesha dirisha jeusi, nikamwonyesha maharagwe yakimiminika, akafurahi kama mtoto, na kwa muda nikasahau kwamba simpendi.

Kisha nikamwambia abadilishe neno la siri mwenyewe, maana ndivyo wataalamu tunavyofanya. Nikasimama nyuma yake. Akaandika. Hakuna herufi. Hakuna nukta. Sikujua hata kama ni fupi au refu. Akanishukuru kwa mikono miwili akarudi Muthetheni, akaniachia mashine nimalizie nyumba zilizobaki.

Alipoondoka nikaingia kwa jina langu ili nijiongezee yale mamlaka. Nikapiga sudo. Nikaandika neno langu la siri. Mashine ikasema Muindi hayumo miongoni mwa wanaoruhusiwa. Halafu ikaongeza mstari mmoja: tukio hili litaripotiwa.

Litaripotiwa! Kwa nani? Nimefunga kifuniko. Nimechomoa waya. Nimeifunika na blanketi. Nimempigia Wacuka, akasema ripoti huenda kwa mwenye mamlaka kwenye mashine hiyo. Nikauliza sasa mwenye mamlaka ni nani.

"Si ni yule ulimweka wewe," akasema.

Kwa hiyo mashine ya ukoo, iliyokuja mikononi mwangu, niliyoikarabati, sasa inamtii Erastus na inanichongea kwake. Kamanthe ameshauri nimpigie simu nimwambie ukweli, tumalize. Anaongea kama mtu asiyejua siasa.

Jumatano, 20 Agosti

Nimelala vizuri kwa sababu nimepata mpango, na safari hii hauna tundu.

Mzee Mumo mwenyewe alisema, ukitaka kitu, sema. Basi nitasema. Leo hii naenda kwake, kabla ripoti ya mashine haijafika, na picha yangu simuni. Nitamwonyesha ni nani aliyemwondoa mwenyekiti Jumatatu mchana. Atabisha vipi? Saa imeandikwa! Ndundu itakaa, Erastus atatozwa, ukatibu utabaki wazi, nami nitakuwa nimesimama karibu. Nimeikuza picha ili Mzee aisome bila miwani.

Kabla ya kutoka nimempigia Abdille anifungie beberu mmoja mnene. Akauliza kama ni wa faini tena. Nikamwambia ndiyo, lakini safari hii anayetozwa ni Erastus. Abdille akasema sawa, ila kwa sasa ataandika jina langu.